Ingia Klani na Levo Yako Hiyohiyo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Tabora. "Shikamoo dada. Nacheza Old School RuneScape, ile gemu ya mtandaoni, kwa simu, levo yangu ya mapigano ni 68. Kuna klani, kikundi cha wachezaji, wamenialika ila naona aibu, wenzangu wote wamevuka mia. Nisubiri kwanza?" Nikamjibu: usisubiri, ingia leo. Halafu nikaona jibu ni fupi mno kwa mtu aliyeniamkia vizuri hivyo, na mimi ninayo ya kusema.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Mchana natoa kopi na kuchapa barua za kuomba kazi. Jioni nikishafunga hesabu, kompyuta ni yangu. Ya mwanzoni siyasimulii, ni kukata miti na kukaanga uduvi tu, kila mchezaji anayajua.

Klani yangu ya kwanza ilikuwa ya watu wa Ulaya na Marekani. Kwa salamu hawana mpinzani. Usiku mmoja tumekwenda kupigana pamoja, bando likasuasua, mhusika wangu akaganda palepale akafa, na wengine wakafa kwa sababu yangu. Kiongozi akaandika mbele ya wote kwamba mimi ni mzigo. Nikiwa bado naandika maelezo, nikakuta nimeshatolewa. Jina lake nalikumbuka hadi leo ila silitaji.

Gemu hii inahesabu muda kwa vipande vya sekunde 0.6. Amri yako ikichelewa kipande kimoja, inasubiri kinachofuata. Amri yangu inatoka Kigoma, inapita Dar es Salaam, inazama baharini kwenye mkongo wa intaneti, ndipo ifike kwenye seva ya Uingereza. Mtu wa London seva ni jirani yake. Lakini usiku ule sikuwaza mkongo wala seva. Niliwaza kwamba labda wamesema kweli. Nikazima gumzo, nikacheza peke yangu kwa muda mrefu.

Aliyenitoa huko ni mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaona skrini. "Dada, kumbe na wewe umo!" Wana kaklani kao kadogo, gumzo ni Kiswahili na Kiha, na ratiba yao inafuata mwezi: usiku wa giza yeye yuko ziwani na taa zake, mbalamwezi ikitoka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, jamaa anaingia kwenye gemu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuwa na kazi, basi akaamua kazi ni mimi.

Akanifundisha kumpiga Jad, zimwi la humo kwenye gemu. Unapambana na mawimbi 63 ya maadui, na la mwisho ni TzTok-Jad mwenyewe, levo 702. Akiinua miguu ya mbele, uchawi unakuja. Akikanyaga chini, ni shambulio la mbali, na kila mara unabadilisha sala ya kinga. Pigo moja ukilikosea linaweza kukumaliza. Uhai wake ukifika nusu, wanatokea waganga wa kumponya. Jamaa akakaa pembeni ya kaunta: "Juu! Chini! Juu!" Mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha za paspoti akaanza na yeye kupiga kelele, "Juu, mwanangu, juu!"

Joho la moto, zawadi ya kumshinda Jad, ninalo. Nalivaa hata nikienda benki ya gemu kuweka samaki. Natamani yule kiongozi alione. Ndiyo, bado.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Levo 99 ya ujuzi mmoja, siyo ile ya mapigano, inadai pointi 13,034,431. Nusu yake unaifikia levo 92. Levo 70 haifiki hata asilimia 6. Kwa hiyo anayekutambia 99 yake amekuzidi masaa, hajakuzidi akili. Na wengi wao walikuwa humo tangu zamani: Jagex, kampuni yenye gemu hii, walifungua Old School mwaka 2013 kwa kutumia nakala ya gemu ya 2007, kwa sababu wachezaji wa zamani waliililia. Mwaka huo wa 2007 Tanzania hatukuwa hata na mkongo wa baharini. SEACOM umefika Dar es Salaam 2009. Unajilinganisha na nani, jamani?

Ingia. Uliza. Wakikucheka, toka utafute wengine, lakini uliza. Acha kuomba radhi kila dakika kwamba wewe ni mgeni. Hakuna aliyezaliwa na levo. Kijana anayeona aibu kuuliza kwenye gemu ataona aibu kuuliza na kazini, hilo nimeliona kwa wanaokuja kuchapa barua kwangu. Nanyi viongozi wa klani, mnaowafukuza watu kwa kosa la intaneti, mlianza mkiwa mnajua nini?

Uanachama wa kulipia usikuumize kichwa: bondi, yaani tiketi ya uanachama, inanunuliwa kwa dhahabu ya humohumo ndani, haidai kadi ya benki. Ukiitwa kwenye pambano, beba papa wa kutosha wa kula kurudisha uhai, na zima kwanza masasisho ya programu nyingine kwenye simu, maana hayo hula bando kimyakimya na ukifa lawama zinakuja kwako. Sisi tunakutana saa tatu usiku. Wiki hii ni giza, mvuvi wetu hayupo, kwa hiyo nafasi ipo.