Maswali yenu: vampaya, linki zilizokufa, na nyie mnaotaka mwisho kabla ya mwanzo

Maswali yamejaa na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua yale yanayonipa nafasi ya kusema yangu, wengine mtanivumilia. Kwa wageni: siku hizi tunasoma mfululizo wa Sookie Stackhouse wa Charlaine Harris, yule mhudumu wa baa kule Louisiana anayesikia mawazo ya watu, na katikati mnaniuliza vitu ninavyookota mtandaoni.

Nimeazimwa kitabu cha 6, naweza kuanza nacho tu?

Hapana. Anza na cha kwanza, CHA KWANZA jamani, hili swali nalijibu kila mara na bado linarudi. Viko 13, kinaanza Dead Until Dark cha 2001 na kinafunga Dead Ever After cha 2013, na kwa kuwa majina yote yanafanana watu mnavichanganya, basi ingieni Fantastic Fiction, pale vitabu vya kila mwandishi vimepangwa kwa mfululizo na mwaka, dakika moja tu umeshajua unachotafuta. Halafu wewe wa cha 6 ndo umepatikana hasa, maana hicho kilituvuruga hata sisi tuliofuata foleni: unafungua unakuta binamu yake Sookie, Hadley, ameshakufa na watu wanaongea kama vile ulikuwepo msibani, unarudi cha 5 unatafuta wapi ilitokea, huoni kitu. Habari yenyewe iko kwenye hadithi fupi ya One Word Answer ambayo ilitoka pembeni, baadaye ikaingizwa kwenye mkusanyiko wa A Touch of Dead. Isome kati ya cha 5 na cha 6. Na mwandishi akishaweka tukio zito nje ya mfululizo anatuonea tu, msomaji hatakiwi kufanya upelelezi ili ajue nani amekufa.

Mwishoni Sookie anabaki na nani kati ya wale vampaya wawili, Bill au Eric?

Sisemi.

Wewe unabania tu, si kila mtu ana muda wa kusoma vitabu 13!

Kama huna muda wa kusoma, mwisho unautakia nini? Mwaka 2013 mwisho wa kitabu cha mwisho ulivuja kabla hakijatoka, na wasomaji wakawaka, watu wakampa nyota moja kitabu ambacho hawajakishika mkononi. Walikuwa wamefika mpaka pale wakihesabu wanaume tu, na anayehesabu wanaume hawezi kuridhika, maana lazima mmoja ashinde na mashabiki wa wengine wanune. Na tahadhari ya bure: kuna kitabu cha ziada kinaitwa After Dead, kinapanga wahusika kwa alfabeti na kueleza kila mmoja aliishia wapi. Msikifungue kabla hamjamaliza, kile ni mchele umemwagwa penye kuku wengi.

Nimeangalia True Blood yote, vitabu vina kipi kipya?

Hapa nina maneno. True Blood ni tamthilia ya TV iliyotokana na vitabu hivi, ilienda sizoni 7, 2008 mpaka 2014, na ile sizoni ya kwanza kweli inafuata kitabu cha kwanza kwa karibu, muuaji ni yule yule. Baada ya hapo kila mtu na njia yake. Jessica wa tamthilia kwenye vitabu hayupo kabisa. Tara wa vitabuni anakuja kwenye cha pili na ni mtu mwingine. Kitabu cha pili kinaanza na maiti ndani ya gari la mpelelezi, tamthilia nayo ina hiyo maiti, lakini ni ya mtu mwingine, na siwaambii ni nani maana wengine mtalia.

Lakini hayo ni madogo. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye vitabu anayesimulia ni Sookie, karibu mwanzo mwisho (kile cha mwisho tu kina vipande visivyo vyake), hujui asichokijua yeye, wakati tamthilia inakupeleka chumbani kwa kila mtu, ukifika kwenye jibu unakuta umeshaliona. Sasa fikiria kazi aliyojipa Harris: mpelelezi wake anasikia mawazo! Si angemsikia muuaji siku ya kwanza kitabu kikaisha ukurasa wa 10? Anachofanya ni kwamba Sookie amekua akijizuia asisikie, kwake ule uwezo ni ulemavu, vichwa vya watu ni kelele tupu na vipande vipande, na anaanza kusikiliza kwa makusudi pale tu kaka yake Jason anaposhukiwa mauaji. Na hapo ndo mapenzi yanapoingia kwa akili, kwa sababu mawazo ya vampaya Sookie hayasikii. Bill akikaa mezani kwake ni kimya, kwa mara ya kwanza maishani yuko na mwanaume ambaye hasikii kinachopita kichwani mwake. Kwa hiyo kinachomfanya ampende ndicho hicho hicho kinachomfanya asijue kama anadanganywa, na vitabu vingi vinavyofuata vinakula hapo hapo. Ukiondoa fumbo la mauaji hayo mapenzi yanabaki sura nzuri na meno. Watu wa tamthilia wamenishinda kuwaelewesha hili.

Hivi hivi si vitabu vya wanawake?

Dead Until Dark kilishinda tuzo ya Anthony, ile ya riwaya za upelelezi. Soma kaka, hautang'atwa.

Binti yangu ana miaka 13, anaona wenzake wanasoma mambo ya vampaya, nimpe?

Hiki mwache kwanza. Jalada linaweza kukudanganya kama katuni, lakini ndani kuna ngono, kuna damu, na kuna habari ya ndugu wa ukoo aliyemnyanyasa Sookie utotoni. Kwenye StoryGraph wasomaji wanaorodhesha mambo mazito yaliyomo ndani ya kitabu, pitia pale kabla hujamnunulia mtoto chochote, mzazi anayechagua kitabu kwa jalada simwelewi.

Umeokota nini kizuri mtandaoni siku hizi?

Dracula Daily, na nitawasumbua nayo mpaka mjiandikishe. Ile riwaya ya Bram Stoker ya 1897 imeandikwa kwa barua, shajara, telegramu na vipande vya magazeti, na karibu kila kipande kina tarehe, sasa kuna jamaa tangu 2021 anakutumia kila kipande kwenye barua pepe siku ile ile ya tarehe yake, bure, kuanzia 3 Mei mpaka Novemba. Siku nyingine mistari michache, siku nyingine mzigo wa kukukesha. Tarehe 30 Juni Jonathan Harker anaandika akiwa amenasa ndani ya kasri, halafu basi, wiki zinapita hujui kama yu hai, na huwezi kurukia mbele kwa sababu barua haijaja. Hii ndo dawa ya nyie wa mwisho kabla ya mwanzo.

Kingine ni Radio Garden, unazungusha dunia kwa kidole unasikiliza stesheni za redio za popote, moja kwa moja hewani. Usiku ukiwa unasoma inafaa sana, ila usiweke lugha unayoielewa.

Mbona Dracula anatembea mchana? Mwandishi alisahau?

Hajasahau. Wake yeye mchana anapungukiwa nguvu tu, Harker anamwona kabisa mtaani London jua likiwaka. Vampaya kufa kwa jua ni mambo ya filamu ya Nosferatu ya 1922, ambayo ilichukua hadithi ya Stoker bila ruhusa, mjane wake akashtaki na mahakama ikaamuru kopi ziharibiwe. Zikabaki chache, na kutoka kwenye filamu ya wizi dunia nzima ikapata sheria.

Una pidiefu ya Sookie? Nitumie WhatsApp.

Sina, na ningekuwa nayo nisingekutumia. Mwandishi yuko hai, anakula kwa hiyo kazi. Halafu hizo linki mnazotumiana, faili linaloishia na apk si kitabu, ni programu, na kitabu hakiombi ruhusa ya kusoma meseji zako. Unataka bure? Nenda Project Gutenberg au Standard Ebooks uchukue Carmilla ya 1872, vampaya wa kike aliyemtangulia Dracula miaka 25, mapenzi yamo na fumbo limo. Macho yamechoka? LibriVox watu wanajitolea kuisoma kwa sauti.

Ile linki uliyotupa zamani ya ramani ya Bon Temps imekufa.

Inakili, ibandike kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, chagua tarehe ya nyuma. Na Bon Temps, kwao Sookie, ni mji wa kubuni, msiende kuutafuta.