Ukimsoma Jane Austen, fuata pesa

Wengi humwacha Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa miaka mia mbili iliyopita, njiani kwa sababu wanamsoma kama mtunzi wa mapenzi tu, wakisubiri kuona nani atamwoa nani. Riwaya zake sita zinahusu ndoa kweli, lakini kila ndoa ina hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo kaiandika waziwazi. Kabla ya sura ya kwanza, chora safu tatu kwenye karatasi: jina la mhusika, kipato chake kwa mwaka, na kinakotoka.

Anza na Pride and Prejudice (1813). Mzee Bennet anapata pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na ardhi. Si haba, ila ardhi hiyo imefungwa kisheria imwendee mrithi wa kiume, na yeye ana mabinti watano. Akifariki, nyumba inakuwa ya Collins, ndugu wa mbali. Zitabaki pauni 5,000 za mama, na naye akifa watagawana mabinti: 1,000 kwa kila mmoja, zenye kuleta pauni 40 kwa mwaka kwa riba ya asilimia 4. Sasa ziweke hizo 40 kando ya 10,000 kwa mwaka za Darcy, bwana tajiri anayemposa Elizabeth, binti wa pili. Hapo utaona Elizabeth alikuwa jasiri kiasi gani kumkataa Collins, kisha Darcy mwenyewe. Utamwelewa pia rafiki yake Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, anayemkubali Collins bila kumpenda hata chembe. Na mama Bennet, anayechekwa na kila msomaji, utamwonea huruma: hofu yake ina msingi.

Aliyezoea mahari ageuze mwelekeo. Uingereza ya wakati huo mali ilitoka upande wa binti, na akishaolewa fedha zake zilikuwa za mume, isipokuwa zilizolindwa kwa mkataba. Ndiyo maana Wickham, kijana mtanashati asiye na mali, alimwandama Georgiana, mdogo wake Darcy, msichana wa miaka 15 mwenye pauni 30,000.

Ukitaka kuona ufundi wa Austen kwa karibu, soma kwa sauti sura ya 2 ya Sense and Sensibility (1811). John Dashwood amemwahidi baba yake aliye kitandani mwa mauti kuwa atawasaidia mama wa kambo na dada zake watatu. Anapanga kutoa pauni 3,000. Mkewe Fanny anaanza kumfanya azipunguze taratibu: kwanza 500 kwa kila dada, kisha posho ya 100 kwa mwaka kwa mama, kisha pauni 50 mara mojamoja, mwisho samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Hakuna anayepandisha sauti. Kila hatua ina sababu inayosikika ya busara, na dhuluma inakamilika mezani. Jamaa wa namna hiyo yupo kila penye mirathi, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalomfanya Austen asomwe mpaka leo, kuliko magauni na dansi za kwenye filamu.

Kosa jingine ni kudhani kila sentensi ni kauli ya mwandishi. Katika riwaya ya Emma, msimulizi huingia ndani ya mawazo ya Emma, mhusika mkuu, bila kupiga hodi, na tunakosea pamoja naye. Frank Churchill, kijana aliyekuja kijijini kwao, anasafiri maili 16 hadi London, eti kunyolewa nywele. Muda mfupi baadaye Jane Fairfax, msichana asiye na mali, anapokea piano isiyo na jina la mtumaji. Weka alama hapo, kisha rudia kitabu ukishakimaliza.

Majina nayo huchanganya. “Miss Bennet” ni binti mkubwa, Jane. Wadogo zake hutajwa kwa jina la kwanza pia, kama “Miss Elizabeth”.

Pride and Prejudice ina sura 61, nyingi fupi: tatu kwa siku, wiki tatu umemaliza. Fuatisha Persuasion, ambamo nahodha Wentworth amepata pauni 25,000, nyingi zikitokana na meli za adui alizoteka. Mansfield Park iache ya mwisho. Ni nzito, na sehemu ya utajiri wa Sir Thomas, mwenye nyumba hiyo ya Mansfield Park, inatoka Antigua, kisiwa cha Karibiani kilichokuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Jambo hilo linatajwa kwa maneno machache mno, kwa hiyo yasome polepole.