Lori Linatetemeka Baada ya Kubadilishwa Klachi

SWALI: Lori langu la gia za mkono lilibadilishwa diski ya klachi, presha pleti (sahani inayobana diski) na rilizi beringi (beringi inayoachanisha klachi ukikanyaga), kwa kuwa klachi ya zamani ilikuwa inateleza. Tangu litoke gereji, linatetemeka kwa nguvu ninapoondoka, hasa likiwa na mzigo, kisha linatulia likishika mwendo. Fundi anasema diski mpya ni mbovu na anataka kushusha giaboksi tena. Je, nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu kabla hamjajua mtetemo unatoka wapi. Diski mpya huweza kuwa mbovu, lakini ili giaboksi ishuke fundi alilazimika kufungua pia propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma), na pengine mauntini (vishikizo vya injini na giaboksi), kwa hiyo kosa linaweza kuwa limeingia katika chochote kilichofunguliwa na kurudishwa.

Anzeni na majaribio ya barabarani, ambayo hayahitaji spana. Ondoka taratibu kwenye eneo tambarare na uangalie mtetemo unakoma wakati gani. Ukikoma mara tu unapoachia kanyagio lote la klachi, chanzo kinaelekea kuwa kwenye klachi, kwa sababu hapo ndipo diski inapoacha kusuguana na flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini) na kuanza kuzunguka nayo. Kisha, lori likitembea polepole katika gia ya pili na mguu ukiwa nje kabisa ya kanyagio la klachi, kanyaga mafuta kwa nguvu. Likitetemeka hapo, klachi haina hatia kubwa. Chunguzeni propela shafti na mauntini. Jaribio hili la pili mafundi wengi hulisahau, nami naliona ndilo lenye thamani zaidi.

Ikiwa dalili zinaelekeza kwenye propela shafti, laleni chini ya lori mtazame uma za krosi (viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda) katika ncha mbili za kila shafti. Kwa kawaida uma hizo hutakiwa kulala katika usawa mmoja. Sehemu ya splaini (meno marefu yanayoingiliana kuunganisha shafti) ikichomolewa bila kuwekwa alama, ni rahisi kuirudisha ikiwa imeruka meno kadhaa, na hapo shafti hutetemeka ingawa hakuna kilichoharibika. Tazameni pia senta beringi, inayoshikilia shafti katikati: mpira wake ukiwa umepasuka, au vipande vya kuipandisha vilivyokuwa chini ya kikalio chake vikiwa vimesahaulika, pembe ya shafti hubadilika, na mtetemo wa kuondoka na mzigo hufanana sana na wa klachi. Mauntini zilizolegea au kupasuka hujionyesha kwa injini kuruka unapoachia klachi.

Ikiwa majaribio yote yanaelekeza kwenye klachi, giaboksi itashuka, lakini ishuke kwa kazi kamili. Muulize fundi kama flaiwili ilichongwa au angalau ilipimwa. Klachi iliyoteleza kwa muda mrefu huichoma, ikaacha madoa ya bluu na mikwaruzo, na diski mpya ikibanwa juu yake hushika na kuachia kwa vipindi. (Flaiwili za vipande viwili huwa na utaratibu wake, na nyingi hazichongwi.) Mafuta nayo ni adui wa pili: kagueni sili ya nyuma ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) na ile ya shafti ya kuingilia giaboksi, na mwangalie kama grisi iliyopakwa kwenye splaini za shafti hiyo ya giaboksi haikuzidi ikarushwa kwenye diski. Diski iliyolowa mafuta hubadilishwa. Kuisafisha kwa petroli hakusaidii kwa muda mrefu.

Wakati wa kufunga, bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu. Giaboksi ibebwe na jeki mpaka bolti zake zishike, kwani ikining'inia kwenye shafti yake hupinda kitovu cha diski, na diski iliyopinda hutetemeka hata ikiwa mpya kabisa.