Ukirithi Browning ya Mzee, Usiibadilishe kwa Aibu

Kamwene wasomaji wangu.

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Makambako. Nauweka hapa kama alivyouandika, jina lake tu ndiyo nimeliondoa: "Shikamoo mama. Baba alifariki mwezi wa nne, ameacha bastola ndogo ya Browning na leseni yake. Kuna mfanyabiashara mwenzangu ananiambia hiyo ni ya kuweka kwenye pochi ya mwanamke, nimpe na nyongeza kidogo anipe yake ya 9mm. Naomba ushauri maana nasikia na wewe ulirithi ya baba yako."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nilianza kukujibu kwa simu nikaona maneno hayaishi, na najua hauko peke yako. Kuanzia Iringa mpaka Njombe zipo nyumba ambazo mzee alifanya kazi kwenye chai, tumbaku au mbao, akamiliki kabastola ka mfukoni kihalali kabisa, na sasa watoto hawajui wakafanyie nini. Jibu langu ni fupi: usiibadilishe. Sababu zake ndiyo ndefu.

Yangu ni Browning ya 6.35, yaani ya risasi yenye kipenyo cha milimita 6.35, ile wanayoiita Baby. Neno hilo limechorwa chini kwenye kishikio, na juu yake kuna herufi FN. Marehemu baba alikuwa karani kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja nje ya Iringa. Miaka michache baada ya Uhuru yule Mgiriki aliuza mali zake akaondoka, na bastola baba akainunua kwake, wakaenda wote wawili polisi Iringa kuandikishana. Karatasi ya siku ile ninayo mpaka leo, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuachia.

Jumapili baada ya misa alikuwa anatandika gazeti kuukuu mezani, anatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, anavuta slaidi, yaani lile gamba la juu linalorudi nyuma, anachungulia chemba inapokaa risasi, halafu anaingiza kidole kidogo kuhakikisha kwa kugusa. Hata kama aliitoa kwenye sefu dakika hiyo hiyo. Hapo ndipo alipoanza kufuta kwa kipande cha kanga ya mama na tone la mafuta. Mimi nilikuwa nasimama upande wa mgongo wake, ndiyo sehemu aliyoniruhusu. Nilijifunza kusoma maandishi ya ubavuni kabla sijajua ni lugha gani: FABRIQUE NATIONALE D'ARMES DE GUERRE HERSTAL BELGIQUE. Kaka zangu walikuwa nje wanacheza mpira.

Nalisema hilo la kaka zangu kwa makusudi. Baba alipofariki, kwenye kikao cha ukoo, nyumba iligawanywa bila kelele, miti ya paina ikagawanywa, ng'ombe wakagawanywa. Ilipofika zamu ya bastola, baba mdogo akasema, "Silaha haihamii kwa wakwe." Maana yake mimi nimeolewa, basi nikiichukua imekwenda ukoo mwingine. Hakuna kaka yangu hata mmoja aliyeitaka kwa mapenzi. Walitaka iuzwe pesa igawanywe. Nilisimama nikasema nimepita JKT Mafinga kwa mujibu wa sheria, nimefungua na kufunga SMG, ile bunduki ya kijeshi, usiku bila taa, nimelenga shabaha mbele ya maafande, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyewahi kushika silaha zaidi ya gobore la kufukuzia ngedere. Wakacheka. Kicheko kile bado ninacho kifuani, na sitaki kujifanya kimeisha.

Kilichonisaidia ni kwamba sheria haiangalii ukoo, inamwangalia mwombaji. Mwanangu, hapa sikiliza vizuri. Leseni ya baba yako ilikuwa ya baba yako. Alipofariki ilikufa naye. Bastola ikikaa kabatini kwako bila polisi kujua, wewe kwa sasa unashika silaha bila kibali, hata kama uliikuta chini ya mto wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na hilo. Na huyo anayekuambia mbadilishane kama watu wanaobadilishana pikipiki anakupeleka pabaya: silaha haihami mkono bila idhini ya polisi, awe anakupa ya 9mm au anakupa nyumba.

Mimi niliipeleka kituoni mwenyewe, imefunguliwa, magazini pembeni, risasi kwenye bahasha. Askari wa ghala alisoma namba kwa sauti, mwenzake akaandika, wakahesabu risasi moja moja juu ya kaunta. Nikapewa hati ya mapokezi. Ndipo nikaanza safari ya kuomba kwa jina langu: muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, barua ya mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, alama za vidole, OCD yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoa. Sitawachosha na foleni zote. Kuna ofisi nilipoambiwa "mama, mwache mzee wako aje mwenyewe," wakimaanisha mume wangu. Mume wangu haombi, naomba mimi. Nilirudi, nikarudi tena, na siku nilipokabidhiwa ile leseni yenye jina langu nilikwenda moja kwa moja makaburini kumwonyesha baba.

Sasa nirudi kwenye hiyo dharau ya "pochi ya mwanamke", maana najua ndiyo inayokuuma.

Bastola hizi ndogo zina heshima yake katika historia ya ufundi. John Moses Browning alizaliwa mwaka 1855 Ogden, Utah, baba yake akiwa fundi bunduki. Alipopeleka kazi zake kwenye kiwanda cha FN kule Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, kwanza ilitoka bastola ya 7.65, halafu mwaka 1905 akaleta risasi ya 6.35 na bastola yake ndogo. Wakati ule silaha nyingi za mfukoni za bei nafuu zilitumia risasi ya .22 inayogongwa ukingoni mwa kitako. Yeye akafanya ndogo inayogongwa katikati, kwa sababu hiyo hulipuka kwa uhakika zaidi na hupanda vizuri kutoka kwenye magazini. Kichwa cha risasi chenyewe kina uzito wa gramu 3 na kitu. Ni ndogo, lakini kila kitu ndani yake kimefikiriwa.

Browning alifariki Novemba 1926 akiwa kazini hapo hapo kiwandani Herstal. Ile Baby ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa mkono wa Dieudonné Saive, Mbelgiji. Aliichukua ile ya 1905 akaondoa kile kifaa cha usalama cha nyuma ya kishikio, akafupisha, akapunguza, mpaka ikabaki kitu cha sentimita 10 kisichofika gramu 300, magazini ya risasi 6. Na mwambie huyo mwenzako: Saive huyo huyo ndiye aliyemalizia Browning kubwa ya 9mm iliyotoka mwaka 1935, ambayo majeshi mengi duniani yameibeba. Mikono iliyotengeneza hiyo kubwa anayojivunia ndiyo iliyotengeneza hii ndogo anayoicheka.

Utaona ya baba yako ina alama ndogo ya duara lililorefuka, ndani herufi ELG na taji juu yake. Hiyo ni mihuri ya Liège, mji ambao umekuwa ukipima uimara wa mitutu tangu mwaka 1672. Chukua lenzi, kaa dirishani mchana, zitafute zote. Mimi huweza kukaa na yangu hivyo nusu saa nzima. Rangi nyeusi ya chuma imefutika kwenye kona ya mbele upande wa kulia, pale ambapo kidole gumba cha baba kilikuwa kinapita akifuta. Hakuna fundi nitakayemruhusu aipake upya.

Lakini kuipenda ni kuijua, na ndogo inataka kujuliwa zaidi kuliko kubwa. Slaidi ni fupi, kwa hiyo ukiivuta kwa haraka vidole vinaweza kupita mbele ya mdomo wa mtutu. Ivute ukishika nyuma kabisa, mtutu ukielekea mahali salama. Mwenye kiganja kinene ataumwa na slaidi kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Kaka yangu mkubwa alipoijaribu uwanjani, kwa ruhusa na mbele ya mkufunzi, ilimkata. Mkono wangu haujaguswa hata siku moja. Ndani hakuna kufuli la kufunga mtutu risasi inapolipuka: uzito wa slaidi na nguvu ya springi ndivyo vinavyoizuia mpaka risasi itoke. Springi ikichoka, chuma kinaanza kugongana na kupasuka. Ya mzee iliyokaa miaka mingi ipelekwe kwa fundi mwenye kibali kabla ya kupigwa hata risasi moja.

Baby haifyatui ikiwa magazini imetolewa. Usiutegemee huo usalama, sehemu za zamani huchakaa. Toa magazini, vuta slaidi, chungulia, gusa kwa kidole. Rudia. Kila mara, hata ukiwa umeiweka chini sasa hivi.

Baridi yetu nayo ni adui. Mafinga ukungu wa Juni na Julai unaingia mpaka ndani ya kabati. Usiiache kwenye ala ya ngozi. Ngozi inavuta unyevu na kuutunza, na asubuhi moja utakuta madoa ya kutu yenye umbo la ile ala. Ifungie kwenye sefu iliyopigwa boliti sakafuni, imepakwa mafuta kidogo, sio kumwagiwa. Risasi zikae kwenye kasha lingine lenye ufunguo mwingine.

Na watoto. Hili nalisema kwa ukali. Bunduki ndefu mtoto ataiona kubwa ataiogopa, hii ameshaiona sura yake dukani kwenye midoli na inaenea mkononi mwake. Kwangu wajukuu hawajui sefu iko chumba gani.

Halafu kuna hili la wanaume wa sikukuu. Ndugu zangu, tumesikia mara ngapi mtu mwenye leseni halali kabisa amekwenda baa, akachokozwa, akachomoa? Silaha ya mfukoni inasahaulika mwilini, na hapo ndipo hatari ilipo. Bastola iliyomuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria pale Sarajevo, Juni 1914, ilikuwa FN ya mfukoni pia, modeli ya 1910, na dunia nzima ikaingia vitani. Usiseme ni kadogo. Ukienda kwenye ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ibaki kwenye sefu. Ukienda harusini, ibaki kwenye sefu. Ukiwa na hasira na jirani juu ya mpaka wa shamba, mpe mkeo ufunguo. Anayetaka bastola ili watu wamwone ameshakosea kabla hajaandika barua ya maombi, na kamati ikimkatalia isilaumiwe. Mimi yangu wengi wa wateja wangu wa mbao hawajawahi kuiona, na wanaosoma hapa watashangaa.

Kwa ulinzi wa kweli wa yadi yangu nina mlinzi, nina taa, nina mbwa, na pesa nazituma kwa simu badala ya kutembea nazo. Baby naipiga uwanjani mara chache, risasi chache, kwa sababu 6.35 ni adimu madukani, na hilo ulijue mapema: uliza wauzaji wenye kibali kabla hujajipangia mazoezi. Wengi wana 9mm na risasi za shotgun tu.

Kwa hiyo mwanangu, Jumatatu nenda kituoni na hati ya kifo pamoja na leseni ya marehemu. Ukihisi hutaki hiyo safari ya maombi, isalimishe, hakuna fedheha, na hivyo hivyo kwa yeyote mwenye silaha ya urithi isiyo na karatasi: serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, vitumieni. Ukiitaka, omba kwa jina lako na uwe na subira. Huyo wa 9mm mjibu kwa heshima kwamba haibadilishwi.

Zile risasi za zamani alizoacha mzee usizijaribu kichakani, wala usizitupe chooni. Zipeleke pamoja na bastola, askari azihesabu mbele yako, aziandike kwenye hati, nawe usome idadi kabla ya kutia saini.