Mtoto wa kemo akiwekewa mashine ya kupumulia, ndiyo basi tena?

Pole sana dada. Umeuliza kama mkubali mwanao, mwenye saratani ya damu anayepewa kemo (dawa kali za saratani) na sasa ana nimonia ya virusi, awekewe mashine ya kupumulia, maana ndugu wanasema aliyeingia ICU, wodi ya mahututi, harudi. Binti yangu aliingia, tukiwa hapahapa Moshi, na sasa yuko darasa la tatu. Sisemi wote wanatoka. Mtoto wa kitanda cha jirani hakutoka. Ila kama daktari anasema saratani yenyewe bado inatibika, kubalini.

Mashine haiui virusi wala haigusi saratani. Inambebea mtoto kazi ya kupumua mpaka chembe nyeupe zilizoshushwa na kemo zipande, mwili uanze kujipigania. Kila asubuhi muulize daktari mambo mawili: chembe nyeupe zimefika ngapi, na oksijeni imepunguzwa au imeongezwa? Na ujue kabisa, chembe zinapoanza kupanda mapafu yanaweza kuchafuka zaidi kwanza. Mimi siku hiyo nililia nikidhani tumeshampoteza.

Kabla ya bomba la kooni la mashine hiyo, binti yangu walimjaribu kwa CPAP. Hewa yenye oksijeni inaingia puani kwa nguvu kidogo, na mpira wa kutolea hewa umezamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita 5 hivi. Kina hicho ndicho kinachopanga mgandamizo unaozuia mapafu yasisinyae. Nilikaa nikisikiliza yale mapovu. Yakinyamaza, mara nyingi mpira umechomoka puani, namwita nesi. Wapo watoto wanaoishia hapo, bomba halihitajiki.

Ile mashine uliyoitaja, inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha, ni ECMO. Huko Marekani iliokoa kichanga mwaka 1975. Kwa mtoto wa kemo ni mtihani mkubwa: kwa kawaida hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, wakati chembe sahani zake, zinazosaidia damu kuganda, ziko chini tayari, kwa hiyo anaweza kuvuja damu. Hata wenye mashine hizo huamua kwa kila mtoto peke yake. Tafadhali msiuze kihamba, shamba la ukoo, kumpeleka nje kabla ya kukaa na daktari wake wa saratani.

Kazi ya ndugu kwa sasa ni kuchangia damu. Chembe sahani hazikai, siku 5 tu hivi zinaharibika, kwa hiyo wasiende wote siku moja. Wapangieni zamu.