Kuvua trauti kwa flai ukiwa mtu wa Mwanza: niliyoyaona Aberdare na kwenye mawe ya Luchelele

Mkuu umeuliza kama mtu anayeishi Mwanza anaweza kujifunza kuvua trauti kwa flai kwenye vijito vya milimani, na kama kuna haja ya kununua rodi (fimbo ya kuvulia) ya bei kubwa kabla hujaanza. Mi nimezaliwa Igombe hapa Mwanza, nimeloba, yaani kuvua kwa ndoana, tangu sijaanza shule, halafu kazi ikanipeleka Nyeri kule Kenya, karibu na milima ya Aberdare, karibia miaka miwili na huko ndo nikakutana na trauti, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Ziwani kwetu Victoria trauti hayupo na hawezi kuwepo, hilo liweke kando kabisa. Samaki huyu anataka maji ya baridi, nyuzi 10 mpaka 16 hivi ndo anashamiri, ikifika 20 anaanza kuhangaika na ikikaribia 25 anakufa, sasa ziwa letu maji ya juu yanacheza kwenye 24 mpaka 27. Hata Kenya si kwao, trauti wa kahawia alipandikizwa mto Gura kule Aberdare mwaka 1905 enzi za walowezi, na akadumu kwa sababu ile mito inashuka kutoka juu sana milimani, ukitia mkono ndani dakika mbili vidole vinauma kama umeshika barafu.

Sasa flai yenyewe. Kwenye kuloba kwetu uzito uko kwenye chambo au chubwi, ndo unavuta mshipi kwenda mbele. Kwenye flai hakuna chambo, kuna manyoya kidogo ya jogoo yamefungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo kama punje ya mchele ili ifanane na mdudu, haina uzito wowote, ukiirusha peke yake inakurudia usoni. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi, huo mshipi ni mnene na ndo unaourusha, flai inafuata nyuma tu, na katikati yao kuna nailoni nyembamba ya futi 7 hadi 9 ili samaki asishtuke. Ukishaelewa hapo mkono utazoea wenyewe, mi ilinichukua wiki kama mbili kwenye uwanja wa nyasi, nimefunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana.

Ila kurusha sio kazi yenyewe, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Mwezi wangu wa kwanza kule mtoni sikupata hata mmoja. Nilikuwa narusha vizuri tu, flai inatua taratibu, samaki hakuna. Kuna mzee mmoja alikuwa anaishi pembeni ya msitu, kila nikipita namwamkia, siku moja akanifuata mpaka mtoni akasimama nyuma yangu muda mrefu hajasema kitu. Mwisho akaniambia, "Kijana, weka hiyo fimbo chini. Unavua samaki ambao wameshakuona." Tukakaa chini ya mti nusu saa nzima hatujarusha chochote, tunaangalia maji tu, na katika ile nusu saa nikaona samaki wanne kwenye sehemu ambayo nilikuwa naapa haina kitu.

Alichonifundisha ni hiki. Trauti anakaa kichwa kimeelekea yanakotoka maji, kwa sababu chakula kinaletwa na maji, na hapendi kupigana na mkondo kwa hiyo anajibanza nyuma ya jiwe au ukingoni pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia, anachungulia, kitu kikipita anatoka anakidaka anarudi. Kijito chenyewe kina upana wa hatua nne tano tu na maji maangavu kama ya chupa, ukitokea upande wa juu umesimama wima anakuona wewe kabla hata hujakunjua mshipi. Kwa hiyo unapanda kutoka chini kwenda juu ukiwa nyuma yake, unapiga magoti, hutupi kivuli majini, hukanyagi kwa kishindo maana ardhi ya ukingoni inapeleka mtikisiko moja kwa moja, na nguo ziwe za rangi iliyofifia. Halafu flai ikishatua lazima itembee sawasawa na povu lililo pembeni yake, mshipi ukiivuta hata kidogo ikaacha mchirizi juu ya maji, yule samaki ameshajua si mdudu, hamia jiwe lingine.

Wa kwanza nilimpata siku tatu baadaye, nakumbuka kama jana. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe mpaka magoti yamekufa ganzi, kuna jiwe jeusi na nyuma yake kipovu kinazunguka zunguka, nikatua flai juu kidogo ya jiwe ikashuka, ikapita ubavuni, ikaingia pale kwenye povu, nikaona kitu cha njano kimegeuka chini na flai haipo. Nikainua rodi. Hakuwa mkubwa, kama kiganja na nusu, ila mgongo wa kahawia, tumbo la rangi ya siagi, na ubavuni madoa mekundu kila moja limezungushiwa duara jeupe. Nililowesha mikono kwanza, ukimshika kwa mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga na magonjwa, nikachomoa ndoana nikamshika kichwa kimeelekea mkondo mpaka akatoka mwenyewe. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Niliporudi Mwanza nilidhani mambo yameisha, kumbe hapana. Nenda kwenye mawe ya Luchelele au upande wowote wenye mawe makubwa yaliyoingia majini, kaa kimya, angalia. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamejaa kwenye nyufa, wadogo lakini wanachukua flai vizuri mno na wana aibu kama trauti, ukijitokeza ghafla wote wanapotea. Sato naye anakula wadudu, na unajua wale wadudu wanaopanda toka ziwani kama moshi, siku za giza mwezi ukiwa mchanga, wanajaa hadi kwenye taa za barazani? Asubuhi yake utawakuta wamesambaa juu ya maji karibu na mawe na samaki wanadonoa, hapo weka flai ndogo ya kijivu utulie. Nenda saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, upepo bado unatoka nchi kavu kwa hiyo unakusaidia, baada ya hapo unageuka unatoka ziwani na mshipi unakurudia.

Ukitaka samaki wa mtoni anayekaribia trauti kwa tabia ni kuyu, anapenda maji yanayokimbia kwenye mawe. Ningu, samaki mwingine wa hapa kwetu, ningekuomba umuache hasa msimu wa mvua, yeye anapanda mitoni kutaga na alipungua sana zamani kwa sababu ya nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati huo huo amebeba mayai, inaniuma kila nikiona nyavu za kokoro au timba zimetandazwa pale.

Kitu kimoja usiige kwenye video za wavuvi wa flai. Wale wanaingia majini mpaka mapajani, milimani kule maji ni baridi na yanaenda kasi. Huku kwetu ukiingia kwenye maji yaliyotulia yenye majani unaitafuta kichocho, konokono wake wanakaa hapo hapo, na mamba na kiboko nao wapo. Vua ukiwa juu ya jiwe pakavu. Mi niliwahi kuugua kichocho nikiwa kijana, nilichoka miezi bila kujua shida ni nini mpaka nilipopimwa nikapewa dawa, sitaki kikupate.

Rodi ya bei kubwa haihitajiki. Futi 7 na nusu, mshipi namba 3 au 4 (namba ndo uzito wa mshipi), ya mtumba inatosha, na ndoana ukizibana kwa koleo kile kikucha kidogo kinachomzuia samaki asichomoke samaki anaachika bila kuchanika mdomo. Pita kwanza BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) ya mwalo wako au ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize habari ya leseni. Siku ukienda Aberdare kuna leseni ya kuvua na kiingilio cha hifadhi, uliza vyote kabla ya kupanda basi.

Jumamosi nyingi asubuhi huwa nipo Luchelele, nina rodi ya pili. Ukija uje na nguo ya kijani au kahawia, na uje umejiandaa kukaa nusu saa ya kwanza bila kurusha.