Mpira ushike, waya ufungue: ushauri kuhusu mkono wa kuchukulia vitu vya mbali

Tangu mwaka 2014 naendesha duka la rejareja hapa Ngamiani, Tanga, nikiwa kwenye kiti mwendo. Mwaka mmoja kabla yake nilianguka kutoka kwenye mnazi, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Mikono yangu ni mizima. Lakini mkono wa mtu aliyekaa, hata uwe mzima vipi, unaishia rafu ya tatu, na duka hili lina rafu sita. Kwa miezi ya mwanzo nilikuwa naita mtoto wa jirani kila mteja anapotaka majani ya chai. Mtoto akienda shule, majani ya chai yanabaki juu na mteja anakwenda duka la pili.

Kilichoniondoa katika hali hiyo ni kifaa ambacho nyumbani kwetu tunakiita mkono wa waya. Ni bomba jepesi, refu kama hatua moja ya mtu mzima. Mwisho mmoja una taya mbili, mwisho mwingine una kishikio cha kuminya, na kati yao umepita waya. Ukiminya huku, taya zinacheza kule. Watu wengi wananiuliza nimeupata wapi, hasa wenye wazazi waliopata kiharusi au wenye baridi yabisi, nami nimeona niandike yote niliyojifunza, pamoja na makosa yaliyoniumiza.

Wa kwanza niliupata kwa ndugu aliyeko ng'ambo. Ulikuwa wa plastiki, mzuri kwa macho, nikafurahi nao kwa miezi minne. Kisha uzi wa ndani ukakatika. Nilipojaribu kuufungua nikakuta kila kiungo kimepigwa ribiti, hakuna skrubu hata moja. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukiwa dukani, usianze kwa kuminya kishikio. Ugeuze, utafute skrubu. Kifaa kisichofunguka kitakufa siku waya wake utakapokatika, na waya hukatika, hakuna waya wa milele.

Wa pili nilitengenezewa na fundi baiskeli wa mtaani kwetu, na huo ndio ulionifundisha kazi. Vifaa vyake vyote vilikuwa kwenye kibanda chake: bomba la aluminiamu, breki ya mkononi ya baiskeli, waya wa breki na kava lake, springi ndogo, na vipande viwili vya bati nene vilivyokunjwa kuwa taya na kuvishwa mpira wa tyubu ili visiteleze. Alitaka kuweka waya mtupu ndani ya bomba. Nilimwomba aweke na kava, kwa sababu waya mtupu unataka njia iliyonyooka, na pale kwenye kishikio lazima ukunje kona.

Kava hilo ndilo lenye siri. Ni springi iliyosokotwa kwa kubana, ikavishwa plastiki. Unaweza kulikunja utakavyo, ila halikubali kufupika. Kwa hiyo ukivuta waya, kava linasukuma upande wa pili, na nguvu inafika kule hata kama njia ina kona. Ernest Monnington Bowden aliandikisha ugunduzi huo Uingereza mwaka 1896, na hadi leo duniani waya wa namna hiyo unaitwa kwa jina lake. Wengine humchanganya na Frank Bowden, yule mwanzilishi wa kampuni ya Raleigh, lakini ni watu wawili tofauti. Tena zile Raleigh za wazee wetu zilikuwa na breki za fito za chuma, hazikuwa na waya. Mwili nao una mpango kama huu. Misuli mikubwa inayokunja vidole imekaa kwenye kigasha. Inavuta kano zinazopita ndani ya ala zake mpaka kwenye ncha za vidole. Kunja ngumi huku umeshika kigasha chako kwa mkono wa pili, utazisikia zinavyotembea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Kabla hujanunua wala kutengenezesha, jiulize: kitu kikishanaswa, nani anaendelea kukishika? Ni mkono wako au ni springi?

Mikono ya waya mingi inayouzwa hukaa wazi. Unaminya, taya zinafunga, na lazima uendelee kuminya mpaka utue mzigo. Ukilegea kidogo, kitu kinaanguka. Kwa kijana mwenye nguvu si shida. Kwangu, baada ya wateja thelathini, kiganja kilikuwa kinawaka. Na nilipompelekea shangazi yangu, mwenye baridi yabisi kwenye vidole vyote kumi, hakuweza kuutumia hata siku moja. Aliniambia, "Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kuminya hivi ningefua nguo zangu mwenyewe." Maneno yale yalinikaa moyoni. Nilikuwa nimempa kifaa kinachomdai kile kile alichopungukiwa.

Jibu nilikuja kulipata kwa watu waliokatika mikono. Mwaka 1909 huko California, David Dorrance alipoteza mkono wa kulia katika ajali ya kiwanda cha mbao. Hakuridhika na mkono wa bandia aliopewa, akabuni ndoano iliyopasuliwa kuwa vidole viwili vya chuma, akaipatia hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1912. Vidole vile hukaa vimefungwa kwa mpira wa kubana. Mtu huvaa mkanda mabegani. Akisogeza bega, waya unavutika na ndoano inafunguka. Akiachia, mpira wenyewe unabana. Anaweza kushika kikombe au kamba saa nzima bila kutumia nguvu yoyote, kwa sababu anayeshika ni mpira. Akitaka mbano mkali zaidi anaongeza mpira, akitaka mdogo anapunguza. Ndoano za namna hiyo zinavaliwa mpaka leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na mimi naamini ni kwa sababu ya mpango huo mmoja tu.

Nikarudi kwa fundi. Tukaondoa springi iliyokuwa inafungua taya, tukazungushia taya vipande vya tyubu ili zikae zimefungwa, na waya tukaugeuzia upande wa kufungua. Badala ya breki ya baiskeli tukaweka mkono wa klachi wa pikipiki, ambao ni mrefu zaidi, kwa hiyo unahitaji kubanwa kwa nguvu ndogo. Shangazi anauminya kwa kiganja chote, bila kukunja vidole kimoja kimoja, na anauminya mara mbili tu: wakati wa kunasa na wakati wa kuachia. Katikati anapumzika. Tulianza na mipira minne ikawa migumu kwake, tukabakiza miwili. Kanga zake sasa anazitoa kwenye kamba mwenyewe, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa, maana hakupenda nguo zake zishikwe na kila mtu.

Kuhusu urefu, jizuie. Kila anayetengenezesha mara ya kwanza anataka mrefu kabisa. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, iweke mwishoni mwa bomba la sentimita 80 uliloshika kwa usawa. Kiganja chako kina upana kama wa sentimita 10, kwa hiyo upande mmoja wa kiganja unabeba na mwingine unapinga kwa nguvu ya karibu kilo nane. Kifundo cha mkono kitalia kabla ya taya kushindwa. Nilipanga duka upya kwa sababu hiyo. Biskuti, kiberiti, majani ya chai na karatasi za chooni viko juu. Sukari, unga na sabuni za miche viko usawa wa mapaja yangu. Chupa za mafuta ziko chini, na mayai siyashiki kwa taya kabisa. Kama kitu kizito lazima kishuke, sogea mpaka kiwe juu yako kidogo, bomba likisimama badala ya kulala, uzito upite kwenye urefu wake.

Hapa naomba wenzangu wa kiti mwendo mnisikilize kwa makini. Jioni moja nilinasa kikombe cha chai ya moto kutoka mezani, kwa uvivu wa kuzunguka meza. Kikaponyoka mapajani. Sikuhisi. Niliona tu suruali imelowa, nikapangusa, nikaendelea na mteja. Usiku nikakuta malengelenge ya ukubwa wa kiganja. Kidonda kile kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona, na wakati wote huo nililazwa ubavu, duka limefungwa. Ngozi isiyohisi haikupi onyo. Tangu siku hiyo cha moto, cha kukata na cha kioo hakipiti juu ya mapaja yangu. Navipitisha ubavuni, nje ya gurudumu, na mapajani naweka ubao mwembamba kila ninapofanya kazi na mkono wa waya. Vilevile usiutumie kuchomoa plagi wala kugusa kitu chochote chenye umeme. Aluminiamu na waya vyote vinapitisha.

Kingine kwa walio kwenye kiti: kabla ya kuinama mbele kuokota kitu sakafuni, rudi nyuma kidogo ili yale magurudumu madogo yageukie mbele. Kiti kinapata msingi mrefu zaidi na hakipinduki kirahisi. Ndipo ufunge breki, ndipo uiname.

Matunzo si mengi lakini yanadai usiyaahirishe. Hewa ya hapa pwani ina chumvi, na waya wa kawaida unashika kutu ndani ya kava ambako huoni. Dalili yake ni kishikio kuanza kuwa kigumu, halafu taya zinarudi polepole. Nunua waya usioshika kutu kama fundi anao, na ongeza tone la mafuta ya cherehani mdomoni mwa kava, ukiwa umesimamisha bomba ili yateremke. Kava lisikunjwe kona kali, kila kona inakula nguvu yako. Ncha zake mbili zikae sawasawa kwenye vikalio vyake. Zikicheza, utaminya sana na taya zitasogea kidogo tu. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kuchanuka karibu na kile kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa waya, badilisha siku hiyo hiyo. Waya hukatikia hapo, na huwa unakatika ukiwa umebeba kitu. Ule mpira wa tyubu kwenye taya nao hukauka kwa jua na kuanza kuteleza. Mimi nabadilisha kila baada ya miezi michache, kazi ya dakika kumi.

Usimtengenezee mtu akiwa hayupo. Mkalishe, mpime kutoka kiganjani mpaka kwenye kitu anachotaka kukifikia, muulize anataka kufikia nini hasa. Nilidhani shangazi anataka vitu vya kabatini. Nilipomuuliza ndipo nikajua kuhusu kamba ya nguo. Juzi ameniagiza mwingine, mfupi, wa kukaa kando ya kitanda, kwa ajili ya viatu na bakora yake inayoangukia mvunguni usiku. Tumepima sentimita 55, na kesho nampelekea fundi bomba.